Msamaha Nilioutoa Mbele ya Jumuiya

Jumuiya yetu ndogo ya kanisa ilikutana kila Jumamosi saa tisa alasiri, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile, na kwa miaka minne mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wake. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa nimemaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulisomeka. Watu walikuja wamebeba viti vyao wenyewe, maana chumba cha mtaa wetu wa Kaloleni hakikuwa na viti vya watu kumi na wanane, na waliokosa nafasi ndani walikaa mlangoni wakitega sikio.

Katekista alisoma Injili ya Jumapili iliyokuwa inakuja. Aliisoma mara mbili, polepole, kisha tukanyamaza. Baada ya kimya kila mtu alitaja neno lililomgusa, neno tu, bila kulieleza. Halafu katekista aliuliza swali lake, ambalo hakulibadilisha hata siku moja: "Sasa hili linatuhusu vipi hapa mtaani?"

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Hatukuruhusiwa kuondoka kabla hatujakubaliana jambo la kufanya wiki ile, na mimi nililiandika kwenye daftari. Tuliposoma habari za Bwana kuwaosha wanafunzi miguu, tulikubaliana kuosha vyoo vya safu yote ya nyumba zetu, vile vya kila mtu, ambavyo kila mtu alisema ni kazi ya mwingine. Tuliviosha. Tuliposoma habari za mjane na senti zake mbili, wanawake watano walianza kumpikia kwa zamu mzee mmoja aliyeishi peke yake nyuma ya holi, ule ukumbi wa mtaa. Walimpikia mpaka alipokufa.

Niliyaamini mambo hayo. Nasema hivi ili nieleweke, kwa sababu baadaye watu walidhani sikuwa na imani tangu mwanzo. Nilikuwa nayo. Nililiona Neno kama dawa aliyoandika daktari: unaambiwa umeze hivi, mara kadhaa, na ukimeza unapona.

Mume wangu alikuwa mchongaji. Alifanya kazi kwenye kibanda karibu na Kariokor pamoja na wenzake wa kutoka kwetu Ukambani, wakichonga vifaru na swala ambao wachuuzi waliwanunua na kwenda kuwauzia watalii. Alirudi jioni na vumbi la mpingo kwenye nyusi. Kwenye nyumba iliyotazamana na yetu alikaa dereva wa lori, naye mtu wa Kitui kama sisi. Alibeba mchanga na saruji za tajiri mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa mpole, mrefu, mtu wa maneno machache, na kwenye jumuiya alikuwa akitaja neno lake kwa sauti ya chini hata katekista akamwomba arudie. Mkewe na mimi tulikuwa kama ndugu. Chumvi ilipokwisha kwangu niliingia kwake bila kupiga hodi, naye vivyo hivyo. Binti yetu alipobatizwa, yeye ndiye aliyesimama naye akiwa mama yake wa ubatizo, akashika mshumaa.

Binti yetu alikuwa na miaka mitano. Alikuwa na pengo mbele, na alipenda kuwapikia watu wazima chakula cha mchanga kisha awasimamie mpaka wajifanye wamekula.

Ilikuwa Jumanne, mwaka mmoja au zaidi kidogo kabla ya rais wa kwanza kufariki. Dereva alikuwa amepita nyumbani kula chakula cha mchana kama alivyofanya mara nyingi akiwa na safari ya upande wetu. Aliliegesha lori kando ya uwanja. Watoto watatu walikuwa wanacheza kalongolongo hapo, mchezo wa baba na mama, na binti yangu alikuwa mpishi. Alikuwa na kopo la mafuta ya kupikia na vizibo vya soda alivyovifanya sahani. Kivuli cha lori kilikuwa kizuri, jua lilikuwa kali, kwa hiyo akahamisha jiko lake chini ya lori, nyuma ya gurudumu.

Dereva alimaliza kula. Alitoka, akazunguka lori, akawaona watoto wawili wamesimama mbali, akawaambia wasogee zaidi. Wakasogea. Hakujua kwamba walikuwa watatu. Alipanda, akarudisha gari nyuma.

Mimi nilikuwa bombani nachota maji. Sikusikia kilio cha mtoto kwa kuwa hakulia. Nilisikia mlango wa lori ukifunguka na mwanamume akitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanamume. Wa kwanza kufika hakuwa mimi. Alikuwa jirani yetu wa upande wa kulia, mama mmoja Mwislamu wa kutoka Mombasa aliyekuwa akiuza mahamri, na nilipofika alikuwa ameshaivua leso yake na kumfunika mtoto. Alinishika mabega akanigeuza.

"Usitazame," aliniambia. "Mwanangu, nisikilize. Usitazame."

Nilitazama.

Polisi walikuja, wakapima, wakaandika, wakasema hapakuwa na kosa. Mtoto aliyechuchumaa nyuma ya gurudumu haonekani kwenye kioo. Walimwambia mume wangu hivyo naye akatikisa kichwa akikubali, na mimi nikamwangalia anavyokubali. Dereva alirudisha funguo za lori kwa tajiri kesho yake na hakushika usukani tena. Akawa mchukuzi wa magunia sokoni, kwa mgongo.

Binti yetu tulimzika huku huku mjini. Mume wangu alichonga msalaba kwa mti ule ule alioutumia kuchonga wanyama, na siku ya mazishi dereva alisimama nyuma kabisa ya watu, nje ya mstari wa makaburi, kofia mkononi. Mume wangu alimwendea. Niliona akimpa mkono. Niliona wanakumbatiana. Siku hiyo yalinifika mengi, lakini hilo ndilo lililokaa.

Nyumbani nilimwuliza, "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nimemwachia Mungu."

"Haraka hivyo?"

"Ulitaka ningoje nini?" alisema. "Hakukusudia. Wewe mwenyewe unajua hakukusudia."

Nilijua. Hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yangu. Angekuwa mlevi ningemchukia nikamaliza. Angekuwa anaendesha kwa kasi, au angebisha, au angesema mtoto alifuata nini pale, ningekuwa na mahali pa kuweka mkono. Lakini alikuwa mtu mwema aliyezunguka lori lake kabla ya kupanda.

Watu mtaani waliniita mama wa binti yangu, kwa jina lake, kama wanawake wote wanavyoitwa kwa majina ya wazaliwa wao wa kwanza. Baada ya mazishi hawakujua wafanyeje. Wengine waliendelea kuniita hivyo kwa mazoea kisha wakaziba midomo. Nadhani walikaa wakakubaliana bila mimi, kwa sababu wiki moja niliona wote wameanza kuniita "mama" peke yake, bila kitu mbele. Ilikuwa kama kuitwa nusu.

Wiki ya saba jumuiya ilikuwa zamu ya kwetu. Ningeweza kukataa. Mume wangu alisema tuwaambie waende kwingine, nikasema hapana, waje. Walikuja na viti vyao. Dereva alikuja na mkewe wakakaa karibu na mlango.

Injili ilikuwa ile ya mwanafunzi anayeuliza ndugu yake akimkosea amsamehe mara ngapi, akidhani ametaja idadi kubwa, naye Bwana anamtajia nyingine inayozidi hesabu. Katekista aliisoma mara ya kwanza sauti ikiwa imara. Mara ya pili ilimkwama. Hakuichagua yeye. Ilikuwa ni ya Jumapili ile, dunia nzima.

Walipoanza kutaja maneno, kila mtu alitaja neno la kukwepa. Mmoja alisema "mara." Mwingine alisema "Bwana." Dereva hakutaja kitu. Kisha katekista akauliza swali lake, kwa sauti ya mtu anayejua anakanyaga wapi. Wote walikuwa wanatazama sakafu, lakini nilihisi chumba kizima kimenielekea, kama watu wanaongojea chungu kichemke.

Nilikuwa nimeshika kalamu. Nilifikiri: hii ndiyo dawa yenyewe. Nikimeza sasa, nitapona. Niliinuka nikasema, "Mimi nimemsamehe jirani yangu."

Mkewe alilia kwanza. Kisha dereva akapiga magoti pale mlangoni, mtu mzima, kichwa chake kikafika kwenye magoti ya mtu mwingine kwa jinsi chumba kilivyojaa. Wakaimba. Wanawake walinishika mikono, machozi yao yakanilowesha shingo. Katekista alisema tangu aanze kazi hiyo hajaona Neno likitimia mbele ya macho yake namna hii. Walipotulia, niliketi nikaandika kwenye daftari kwa mwandiko wangu mzuri: wiki hii mama mwenye nyumba amemsamehe jirani yake mbele ya jumuiya. Nikatia tarehe.

Nilingoja kupona. Nilingoja Jumapili, nikangoja Jumatatu. Hakuna kilichokuja. Ndani mwangu palikuwa vile vile, isipokuwa sasa palikuwa na uongo juu yake.

Na yeye aliuamini. Ndipo mateso mengine yalipoanza, maana alianza kunifanyia wema. Asubuhi nilikuta ndoo zangu zimejazwa maji. Mlango wetu uliokuwa unakwama aliurekebisha siku ambayo sikuwepo. Mvua ilipovujia jikoni alipanda juu akapanga vigae. Siku ya Jumamosi, akishapokea malipo yake sokoni, alileta mboga, sukuma wiki na vitunguu, akaviweka kizingitini. Nilivipika. Mume wangu alivila na kusifu. Mimi nilikula ugali na chumvi.

Kanisani, wakati wa kutakiana amani, alingoja watu wote wamalize ndipo aje kwangu mwisho, akanipa mkono kwa mikono yake miwili. Ilikuwa imeota sugu za kamba za magunia. Nilimpa wangu. Nilipotoka nje niliufuta kwa upande wa gauni, nikaona aibu, nikaufuta tena.

Nikaanza kuyatumia Maandiko yote niliyoyajua. Imeandikwa tuwaombee wanaotuudhi, kwa hiyo nilimwombea siku tisa mfululizo, saa ile ile ya mchana, nikipiga magoti kando ya kitanda. Siku ya tisa niligundua kwamba nilikuwa naomba ahame. Imeandikwa tusihukumu, kwa hiyo kila nilipomwona akivuka uwanja nilijiambia usihukumu, usihukumu, na nikawa namwona mara nyingi zaidi kuliko zamani. Nikaacha kupanga mstari wa komunyo. Nilibaki kwenye benchi nimeinamisha kichwa, watu wakipita mbele ya magoti yangu, na mume wangu hakuniuliza kwa nini. Kufikia hapo tulikuwa hatuulizani mambo.

Nilikwenda kuungama. Padri wetu alikuwa mgeni wa kutoka ng'ambo, mzee, Kiswahili chake kilikuwa sahihi mno, kama cha mtu aliyekisoma chote kabla ya kukisikia.

"Kusamehe si hisia," aliniambia. "Ni kutaka. Je, unataka kumsamehe?"

"Sitaki, Padri."

Akainama karibu na kitambaa kilichotutenga. "Je, ungetaka kutaka?"

"Ndiyo. Hilo nataka."

"Basi Mungu ataanzia hapo," alisema, akanipa rozari moja niisali.

Niliisali. Nilimngoja Mungu aanzie hapo. Sisemi kwa kejeli. Nilingoja kwa dhati mwaka mzima na miezi kadhaa, na mpaka leo sijui kama alianza kisha mimi nikamzuia, au hakuja.

Mtu pekee niliyemwambia alikuwa yule jirani wa mahamri. Nilikuwa nimekaa kwake nikimsaidia kukata unga, akaniona natazama nje, dereva anapita na gunia la makaa begani, akilipeleka mlangoni kwangu.

"Huyu bwana anajiua taratibu," alisema.

"Anadhani nimemsamehe."

"Na hujamsamehe."

"Sijamsamehe."

Aliendelea kusukuma unga. "Mimi dini yenu siijui ndani," alisema. "Sitaki kukupotosha. Lakini mimi nilikuwa pale, mwanangu. Niliona uliyoyaona. Huyo anayekuambia ufanye haraka hakuwepo." Kisha akaniwekea mahamri mawili kwenye karatasi akaniambia niende nikapumzike.

Halafu ikaja Jumapili ya Injili ile nyingine, ya mtu anayepeleka sadaka yake altareni, akakumbuka huko kwamba ndugu yake ana neno juu yake, akaambiwa aiache sadaka pale pale aende kwanza wakapatane. Jumamosi yake, kabla ya saa tisa, nilikuwa peke yangu nyumbani. Mume wangu alikuwa kibandani. Dereva alipiga hodi. Tangu Jumanne ile ya ajali hakuwahi kuja nikiwa peke yangu.

"Karibu," nilisema.

Aliingia akabaki amesimama. Nikamwonyesha kiti, akakaa ukingoni mwake.

"Dada," alisema, "umeisoma Injili ya kesho?"

"Nimeisoma."

"Nimeisoma tangu Jumatano. Nilidhani nimeielewa, kumbe sikuielewa." Alitazama mikono yake. "Haimwambii aliyekosewa aende. Inamwambia yule mwingine. Yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Ni mimi ninayepaswa kuja."

"Ulishakuja. Ulipiga magoti pale."

"Pale nilipewa. Sikuwa nimeuliza." Akainua macho. "Nakuuliza sasa. Umenisamehe?"

"Imeandikwa kwenye daftari."

"Sikuulizi daftari, dada."

Ningeweza kusema ndiyo. Nimefikiri juu ya hilo kuliko jambo lolote jingine maishani mwangu. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, na nilikuwa nimeshalisema mara moja mbele ya watu kumi na wanane. Lakini alikuwa ameniuliza kama mtu anavyomwuliza mtu, na kwa muda wa miaka karibu miwili hakuna aliyeniuliza chochote.

"Hapana," nilisema. "Sijakusamehe. Siku ile nilisema kwa sababu wote walikuwa wananingoja. Nimejaribu. Nimekuombea. Nikikuona ninavyokuona kila siku, namwona pale chini. Hata mboga zako sijawahi kuzila."

Hakulia. Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayeelekezwa njia na anaikariri.

"Sawa," alisema.

"Ungekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi kwangu."

"Sawa, dada. Nimesikia." Alisimama. Pale mlangoni aligeuka. "Nikikuacha, nisije tena, itakusaidia?"

"Sijui."

"Nami sijui," alisema, akatoka.

Alasiri ile kwenye jumuiya dereva hakuonekana. Mkewe alikuja, akakaa mbali na mimi, na sikujua kama ameambiwa. Katekista alipouliza Neno linatuhusu vipi hapa mtaani, wakakubaliana kila mmoja amtembelee mtu ambaye hajazungumza naye muda mrefu. Nilimpa daftari mwanamke aliyekuwa karibu nami, nikasema macho yananiuma, aandike yeye. Sikulichukua tena. Hakuna aliyenilazimisha.

Ndoo zangu zikawa tupu asubuhi. Miezi mitatu baadaye walifunga vitu vyao wakarudi Kitui. Niliwatazama kwa dirisha wakipakia kitanda na meza kwenye pikapu la kukodi. Dereva alikaa nyuma na vyombo. Mkewe alivuka uwanja kuja kuaga majirani nyumba kwa nyumba, upande wetu wote, na nyumba yetu aliipita. Yule mama wa mahamri alimkumbatia hatua tano kutoka mlangoni kwangu. Nilisikia kila neno walilosema, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo.

Nilidhani wakiondoka nitapumua. Nyumba ile ikapangishwa karani mmoja kijana na mkewe, watu wachangamfu, wakaweka pazia la maua. Nilipata mtoto mwingine, wa kiume, na watu wakapata jina la kuniita, wakalitumia kwa furaha kubwa. Nilimpenda. Sikumwachia acheze uwanjani mpaka alipofika miaka tisa, na hilo nalo alikuja kunilaumu, kwa haki. Mume wangu alianza kukohoa vumbi la mbao, akapunguza kazi. Jioni alikaa nje akicheza drafti na yule karani. Tulikuwa watu wawili wenye adabu katika chumba kimoja. Siku moja nilimwuliza kama alikuwa amemsamehe kweli dereva siku ile makaburini, au alisema tu.

"Sikumbuki," alisema. "Nilikuwa nataka mtu wa kumshika."

Hakunitazama aliposema hivyo, na mimi ndiye niliyekuwa karibu yake zaidi siku ile ya mazishi. Nilikwenda jikoni nikakaa huko.

Mwaka ule wa njaa kubwa, tulipokula mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo, mkewe dereva alinijia. Nilifungua mlango nikamkuta amesimama, amekonda, kitambaa cheusi kichwani, vumbi la safari kwenye viatu. Nilimjua kabla hajasema. Nilimkaribisha, akaingia. Hakukaa mpaka nilipomwomba mara ya pili.

"Baba watoto amefariki," alisema. "Mwezi uliopita. Nimekuja kukuambia mwenyewe ili usisikie kwa watu."

Nilimpa pole. Nilimwuliza aliugua nini.

"Tumbo. Lakini alikuwa ameanza kuisha zamani." Aliitazama chai niliyomwekea. "Ulipomwambia umemsamehe, alilala. Tangu siku ile ya ajali alikuwa hajalala, na usiku ule alilala mpaka nikamgusa nione kama anapumua. Alilala karibu miaka miwili. Kisha akaja hapa siku moja, akarudi, akaniambia uliyomwambia. Hakulala tena vizuri mpaka mwisho."

"Aliniuliza," nilisema. "Aliniuliza mwenyewe."

"Najua aliuliza. Alikuwa mtu wa kuuliza." Sauti yake haikupanda. "Ungemwachia tu. Ilikuwa uongo, sawa, lakini ulikuwa umeshampa. Ungekuwa umepungukiwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi katika miaka ile, niliyokuwa nikiyasema peke yangu nikifua nguo, kwamba ukweli utatuweka huru, kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Yote yalikuwa Maandiko, yote nilikuwa nimeyaandika kwa mkono wangu. Hakuna hata moja lililoweza kusemwa mbele ya uso ule.

"Yule mtoto nilimshika mimi kwenye maji ya ubatizo," alisema. "Nawe hukuniuliza hata siku moja mimi nilikuwaje."

"Sikukuuliza," nilisema. "Ni kweli."

"Nimekuja pia kukuambia kwamba mimi sijakusamehe. Nimeona heri ulijue, maana wewe unapenda mambo yasemwe."

"Siwezi kukulaumu," nilimwambia.

"Sikuja kuomba usinilaumu," alisema.

Aliinuka. Nilimwomba asubiri nimfungie unga kidogo wa kurudi nao, kwa maana kwao hali ilikuwa mbaya kuliko kwetu, kila mtu alijua. Nilidhani atakataa. Alisimama akangoja. Nilimpimia unga wa manjano kwenye mfuko wa karatasi, nikaukunja mdomo, naye akaupokea kwa mikono miwili, kwa heshima ya kwetu, na kuutia kikapuni. Kisha nikamsindikiza.

Tulitembea kando ya uwanja hadi barabara kubwa. Watoto walikuwa wanarudi shule, wamevaa sare, wengine wakamwamkia "shikamoo" bila kumjua naye akaitikia kila mmoja. Kwenye barabara alipata gari la kwanza lililosimama. Sikujua kama nimpe mkono. Alipanda kabla sijaamua, akakaa upande wa pili ambako sikuweza kumwona.

Nikarudi nyumbani. Ilikuwa Jumamosi, saa nane na nusu, na watu wa jumuiya walikuwa wameanza kupita na viti vyao.